Siku nne hazitoshi Mlima Kenya

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Wauliza kama siku nne zawatosha nyinyi sita kupanda Mlima Kenya kwa lango la Sirimon na kuteremkia Chogoria, na kama mazoezi ya ngazi yatafaa. Nne hazitoshi. Zifanyeni tano, tena mkalale mjini Nanyuki usiku mmoja kabla.

Tazama hesabu yenu. Mwatoka Mombasa, usawa wa bahari. Siku ya kwanza mko kambi ya Old Moses, mita 3,300. Kesho yake kambi ya Shipton's, mita 4,200. Kosa liko hapo. Ukishapita mita 3,000, pahala pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na nyinyi mwaruka 900. Kileleni Lenana, mita 4,985, pumzi moja hukupa kama nusu tu ya oksijeni uipatayo ukikaa Mama Ngina, ufukweni. Mwili huzoea, ila kwa siku zake, na nguvu za miguu haziuharakishi. Huyo mwenzenu mchezaji mpira anaweza kuugua kama yeyote, pengine mapema zaidi, maana ndiye atakayekwenda mbio.

Basi laleni Old Moses mara mbili, mwili upate siku ya kuzoea kabla ya kuruka huko. Siku ya pili pandeni na vibegi vyepesi mpaka mita 3,800 hivi, mkae kidogo, mrudi chini kulala. Siku ya tatu ndiyo Shipton's, mwendo wa kilomita 14 hivi. Mwachieni aliye mzito wa mwendo kuliko wote atangulie, wengine mfuate hatua zake. Siku ya nne ondokeni saa tisa usiku mfike Lenana alfajiri, kabla mawingu hayajafunga. (Batian, kilele kirefu kuliko vyote, mita 5,199, ni ya kamba na wakwea miamba. Msidanganyane.) Kisha mteremke upande wa Chogoria. Hapo magoti ndiyo yatakayolia, kwa hivyo chukueni magongo. Kucha za miguu kateni fupi siku mbili tatu kabla, la sivyo zitagonga ncha ya buti mpaka ziwe nyeusi.

Kichwa kikiuma, chakula kikikataa na kichefuchefu kikaja, msipande tena siku hiyo. Kaeni pale pale, na hali ikizidi, teremkeni. Anayehema hali ameketi, anayekohoa povu, au asiyeweza kwenda mstari mmoja kisigino kwa kidole, huyo hangojwi kukuche: ateremshwe sasa hivi, na mtu wa kumshika. Panadol hutuliza kichwa tu, haimtoi mtu hatarini. Diamox, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, muulizeni daktari mapema, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Mkipewa, ijaribuni mkiwa nyumbani, maana hukojoza na kutia vidole ganzi, na mtu asiyejua atadhani ni mlima.

Nguo tafuteni mitumba ya soko la Kongowea, ila someni lebo. Pamba iacheni Mombasa: ikilowa jasho haikauki, na usiku kule maji huganda. Ya ndani iwe sufu au poliesta, kisha flisi, ile sweta laini ya joto, kisha koti lisilopitisha mvua. Kila kitu kitieni kwanza ndani ya mfuko usiopitisha maji, ndipo kiingie begini. Buti mpya zivaeni wiki nne kabla. Mkisikia mguu waanza kuchoma, simameni hapo hapo mbandike plasta. Mkingoja kambi, ni lengelenge tayari.

Chakula: maharagwe makavu msibebe. Shipton's maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi, utamaliza gesi na maharagwe bado mawe. Bebeni tambi, shayiri ya uji, tende, njugu, na mahamri ya siku mbili za mwanzo. Maji lita tatu hadi nne kwa mtu kwa siku, hata kama hamna kiu. Ya mtoni yachemsheni. Simu na betri za tochi laleni nazo ndani ya begi la kulalia, baridi huzinyonya.

Ngazi ndiyo, zafaa: dakika 40, mara nne kwa wiki, na begi la kilo nane. Kushuka nako ni mazoezi, usipande lifti kurudi chini. Mwezi mmoja kabla, nendeni Taita mkapande Mlima Vuria, mita 2,200 na kitu. Haitawazoeza hewa nyepesi, lakini itawaonyesha buti ya nani yabana na nani hapendi kungoja wenzake.

Tarehe wekeni Januari au Februari, kaskazi ikivuma huku. Kule huwa kukavu. Aprili ni matope matupu. Sweta la sufu la babako liko kabatini, pita ulichukue.

Mamako,
Mji wa Kale