Corolla inamisi na inakunywa mafuta

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, gia otomatiki. Zamani Lindi kwenda Mtwara na kurudi, kama kilomita 210, nilitumia lita 16 hivi. Sasa inafika 24. Ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, inatetemeka, nikiwasha AC inataka kuzima, na bomba linanuka petroli. Nimeshabadilisha plagi, eya klina na pampu ya mafuta. Fundi wa hapa anasema ninunue nozeli zote nne, zile za kupulizia petroli kwenye injini. Afadhali haichemki tena: safarini mshale wa joto unashuka mpaka karibu na C, upande wa baridi.

JIBU: Marahaba. Nozeli ziache kwanza dukani. Hiyo afadhali yako ndiyo inayonitia wasiwasi. Unasema haichemki "tena", maana yake iliwahi kuchemka na mtu akaitibu. Kamuulize kama hakutoa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto.

Huku Kusini tumezitoa sana. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi nilikuwa na kopo zima la thamostati za wateja. Tulikuwa tunasema, pwani jua lote hili, ya nini kifaa cha kuzuia maji yasizunguke? Kumbe thamostati ya injini hiyo hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na jua la Lindi halifiki hata nusu. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta muda wote, na ukishaipita Mnazi Mmoja ukashika mwendo, upepo unayapoza kupita kiasi. Sensa ya joto inaiambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kwamba injini bado baridi. Nayo inamwaga petroli kama ya kuwashia alfajiri, wala haisikilizi oksijeni sensa, ile ya kwenye bomba la moshi inayosaidia kupima mafuta, mpaka joto lifike. Ndiyo hizo lita zako nane.

Kutetemeka nako kunaweza kutoka hapohapo. Fungua hizo plagi mpya. Zote nne zikiwa na masizi makavu meusi, mafuta ni mengi, na umeme unapita kwenye masizi badala ya kuruka kwenye ncha. Injini lazima imisi, yaani irukeruke kwa kukosa kuwaka sawasawa. Ikiwa ni moja tu, shughulika na silinda hiyo: waya wa plagi au kofia ya distribyuta. Hewa ya bahari hula tamino, yaani vichwa vya nyaya, kimyakimya. Usiku, mahali penye giza, fungua boneti injini ikiunguruma. Waya unaovuja utauona kwa cheche. Tazama tu, usishike. Plagi ikiwa imelowa oili, hiyo ni habari ya ringi au sili za valvu, na mfuko uandae.

Sensa ya joto yenyewe nayo hudanganya. Kama gari lako lina kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa ON. Hesabu taa ya injini inavyopepesa: mbili, kituo, mbili, ni sensa ya joto. Mbili, kituo, moja, ni oksijeni sensa.

Ukinunua thamostati, itumbukize kwanza kwenye sufuria ya maji jikoni. Iwe imefunga maji yakiwa baridi, ifunguke kabla hayajachemka. Lakini usiifunge kwenye injini kabla ya kusafisha rejeta na kukagua mfuniko wake na feni, maana kilichochemsha gari mwanzo bado kimo. Wengi wenu mnajazia maji ya kisima yenye chumvi, rejeta inaziba. Weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta.

Ukishafika safari, gusa rimu kwa tahadhari. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki imekamata, na hiyo nayo hula mafuta.

Baada ya hapo safisha plagi, jaza tangi hadi pampu ijikate, nenda na kurudi, ujaze kwenye pampu ileile. Zikizidi lita 18, niletee gari lilale hapa gereji. Nataka kuliwasha mwenyewe asubuhi, likiwa baridi.