Saa 15 za ndege haziishii JFK

Ndugu zangu, kila msiba ukitokea huko Kenya, maneno juu yetu tulio Marekani ni yale yale: "Siku hizi kuna ndege ya moja kwa moja, saa 15 tu. Asiyekuja kuzika ana kiburi." Yanauma, tena hesabu yenyewe ina kasoro.

Ni kweli, tangu Oktoba 2018 Kenya Airways huruka kutoka JKIA, Nairobi, hadi uwanja wa JFK, New York, bila kutua njiani, kama kilomita 11,850. Kuja huku ni takriban saa 15, kurudi kama 14, kwa kuwa pepo za juu huvuma kuelekea mashariki. Lakini Wakenya wengi hawaishi New York. Wako Minnesota, Texas, Georgia. Minneapolis hadi New York ni saa tatu nyingine hivi angani, na ndege hiyo ikitua LaGuardia, uwanja mwingine wa New York, mtu huvuka mtaa wa Queens kwa gari na masanduku yake hadi JFK. Akikata tiketi mbili mbalimbali na ya kwanza ikachelewa, ya pili inaweza kupotea hivi hivi. Aache saa nne katikati, na msimu wa theluji aongeze. Halafu kuna barabara ya Nairobi hadi Kisii. Anayetoka kwake Jumatatu alfajiri hufika bomani Jumanne usiku, mambo yote yakienda sawa.

Kwa hiyo ndege ya moja kwa moja ni bora kwa aliye karibu na New York. Ila kwa aliye Dallas au Atlanta, kupitia Doha, Qatar, kwa tiketi moja kunamfaa zaidi, ingawa ni mbali: Nairobi–Doha kama saa tano na nusu, kisha saa 15 au 16. Akikosa kuunganisha, ni kazi ya shirika kumtafutia ndege nyingine.

Hapo nimemhesabu mwenye makaratasi. Aliyeomba green card akiwa huku na bado anasubiri, akitoka bila advance parole, yaani kibali cha kusafiri na kurudi, kinachoombwa kwa fomu I-131, mara nyingi ombi lake huhesabiwa ameliacha. Miaka ya kungoja na ada zote zimekwenda. Mwanafunzi ambaye viza yake imeisha ataweza kwenda kuzika, lakini kurudi darasani ni mpaka apate nyingine ubalozini. Huyo msimwite mwenye kiburi. Hata pesa za nauli akiwa nazo, hazimfungulii mlango wa kurudi.

Advance parole ya dharura ipo, na inataka ushahidi. Basi msiba ukitokea, kabla ya kuitisha michango, mtumieni ndugu aliye huku picha safi ya kibali cha mazishi au barua ya hospitali yenye jina, tarehe na muhuri. Msipange siku ya mazishi kabla ya kumuuliza. Akisema hawezi, zikeni, msimngoje. Na mzazi akilazwa, semeni siku hiyo hiyo. Kumficha "asihangaike" ndiko kunakomnyima muda wa kuomba kibali.