Muulize Anti: Krimu ya usiku napaka kila siku, mbona asubuhi uso bado umepauka?

SWALI: Anti shikamoo. Mi ni msichana wa miaka 27, nimezaliwa na kukulia Tanga, mwaka jana nikahamishiwa Dodoma kikazi. Kule nyumbani shida ya ngozi sikuwa naijua kabisa, mafuta ya nazi kidogo asubuhi basi imetosha, sasa huku anti uso umenigeuka. Ukifika mwezi wa saba ule upepo ukianza, pembeni ya pua na kuzunguka mdomo panatoka vigamba vyeupe, nikipaka poda inakatika katika kama rangi ya ukuta wa zamani, nikicheka nahisi mashavu yanavuta. Dada mmoja wa ofisini akanishauri ninunue krimu ya usiku ya kuipa ngozi maji, nikanunua kikopo elfu 48, wiki ya tatu sasa natumia. Nikirudi kazini nanawa na sabuni, najifuta vizuri na taulo, napanda kitandani nachati kidogo na wenzangu af ndo napaka nalala. Asubuhi foronya ina mafuta na uso uko vile vile, na siku mbili za mwanzo ilinichonyota. Nimeibiwa au kuna mahali nakosea?
Mtoto wa Tanga, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na ukavu. Nimeisoma barua yako mara mbili na naona hujaibiwa, shida iko kwenye zile dakika unazokaa kitandani na simu kabla ya kupaka.

Ngoja nikueleze, maana hapa ndo watu wengi wanaachia hela zao. Krimu haina kisima ndani yake. Ukisoma kile kikaratasi cha nyuma ya kopo utaona limeandikwa maji kwanza (wao wanaandika Aqua), lakini hayo maji mengi yanapaa ndani ya muda mfupi tu ukishapaka. Kinachobaki usoni ni vitu vya aina mbili. Kuna vile vinavyoshika maji, gliserini ndo baba yao, siku hizi na asidi ya hayaluroniki, halafu kuna vile vinavyofunika juu ili maji yasitoke, yaani mafuta mafuta yake, siagi ya shea, nta, vaseline. Sasa hivi vinavyoshika maji lazima viyapate mahali. Ukiwa Tanga hewa yenyewe imejaa unyevu wa bahari, gliserini inajichotea humo humo. Ukiwa Dodoma mwezi wa saba, mvua iliisha Aprili na mpaka Desemba hamna kitu, hewa imekauka kama kuni, na we umejifuta na taulo mpaka tone la mwisho umekaa robo saa unachati, gliserini inapata wapi maji? Inayatafuta chini kwenye ngozi yako mwenyewe, inayavuta juu, na yakifika juu yanapeperuka. Ndo maana unalala umepaka unaamka umepauka.

Na usiku ngozi inapoteza maji zaidi kuliko mchana, kwa hiyo kupaka usiku ni wazo zuri sana, ila uipake ikiwa na kitu cha kufungia.

Haya sikuyasoma tu. Mwezi wa saba mwaka jana nilikuwa Makambako kwenye msiba wa shangazi yangu, wiki mbili, na wanaoijua Makambako wanajua ule upepo na baridi ya kule. Nilikuwa na krimu mpya ya usiku nimetumiwa niijaribu, nikaanza kama wewe, nanawa maji ya moto kwenye beseni (baridi ile nani ananawa ya baridi), najifuta, nakaa na wafiwa kwanza, nikija kulala ndo napaka. Usiku tatu hamna kitu, asubuhi nikiamka nikikunja uso nasikia ngozi inabana kama nimepakwa uji ukakaukia. Usiku wa nne umeme ulikatika, nikanawa gizani, taulo sikuliona, nikapaka hivo hivo uso ukiwa unachuruzika kidogo. Asubuhi nikajishika shavu nikashtuka, lilikuwa laini, lile eneo la pembeni ya pua lililokuwa linachubuka limelala. Kuanzia hapo nikawa nafanya makusudi, shavu la kulia nalifuta nakausha ndo napaka, la kushoto napaka likiwa bichi, krimu ni ile ile kiasi ni kile kile. Siku tano hivi, kila asubuhi nikijitazama kwenye kioo cha dirishani la kushoto linang'aa la kulia lina vumbi vumbi. Mjukuu wa marehemu ndo alinitangulia kuliona, akaniuliza mama mdogo mbona upande mmoja umependeza.

Basi we fanya hivi leo usiku. Chati na wenzako umalize kabisa, simu uweke chaji, ndo uende kunawa, na maji yawe ya uvuguvugu tu yasiwe ya moto maana ya moto yanaondoa mafuta yako ya asili. Na hiyo sabuni mwanangu naomba tuiongelee. Hujanitajia ni ipi ila kama ni kipande cha kuogea cha kawaida, ngozi ya mtu ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, chini ya 7 ndo asidi) inacheza kwenye 5 hivi, sabuni ya kipande iko 9 mpaka 10, na kile kilio cha ngozi "kwichi kwichi" ukipitisha kidole ambacho tumefundishwa ndo usafi, ni kwamba umeshayatoa mafuta yote. Asubuhi nawa na maji matupu, usiku tumia sabuni ya maji ya uso isiyotoa povu jingi wala harufu. Ukishamaliza usijifute. Gonga gonga uso na kanga laini mara mbili tu, ubaki na umande, na kabla dakika haijaisha krimu iwe imeshafika usoni. Kiasi cha punje ya maharage kinatosha uso mzima. Hilo la foronya kuwa na mafuta linaniambia unajaza sana kwa kuwa unaona haifanyi kazi, na ile inayobaki juu inaenda kwa mto. Itandaze mashavuni kwanza kwenye ukavu, kipaji mwisho.

Kwenye zile kona za pua na mdomo zinazotoka vigamba, juu ya krimu pakaa vaseline nyembamba sana, kwa ncha ya kidole cha pete. Najua wengi wataona ni ya kishamba, vaseline imekuwepo tangu miaka ya 1870 huko Marekani na mama zetu wametupaka mpaka kwenye magoti, lakini kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi sijaona krimu ya bei inayoipita. Ila haileti maji nayo, inafunga tu yaliyopo, kwa hiyo ukiipaka kwenye ngozi kavu umeufunga ukavu.

Kuhusu kuchonyota. Ngozi ikishapasuka pasuka hata krimu nzuri inaweza kuchonyota dakika moja mbili, na kwako imeisha baada ya siku mbili, sina wasiwasi nayo sana. Ila geuza kopo usome, ukiona Parfum au Fragrance iko kwenye orodha basi hiyo ndo nashuku, na kopo lijalo tafuta lisilo na marashi. Na kwa wote mnaosoma, krimu mpya usianze nayo usoni. Pakaa kidogo ndani ya kiwiko, sehemu ile ile mara mbili kwa siku, wiki moja mpaka siku kumi, pasipowasha wala kutoka vipele ndo upandishe usoni. Wiki ni ndefu najua, lakini uso ukivimba kabla ya kikao utatamani ungesubiri.

Mafuta yako ya nazi usiyatupe, mwilini na kwenye nywele ni mazuri. Usoni watu wengine yanawaziba wanatoka chunusi, na yenyewe hayashiki maji, yanafunika tu, ndo maana Tanga yalikutosha na Dodoma yamekushinda.

Hicho kikopo kikiisha na elfu 48 ikawa nzito, nenda duka la dawa kanunue gliserini, ni hela ndogo sana. Kwetu pwani bibi zetu walikuwa wanaichanganya na maji ya waridi, matone kadhaa kwenye kiganja chenye maji unachanganya unapaka, uso ukinukia kama bi harusi. Mi naipenda ila yale maji ya waridi ya dukani mengi ni marashi na rangi, kwa ngozi iliyochubuka kama yako tumia maji ya kawaida safi tu. Gliserini tupu bila maji usipake, inanata na inavuta maji ya ngozi kama nilivosema. Juu yake vaseline kidogo, unalala.

Jipe wiki mbili na uniandikie. Ila ukiona panakuwa pekundu, panawasha usiku mpaka unajikuna, au panatoa majimaji, hapo krimu sio jibu, inaweza kuwa pumu ya ngozi, nenda hospitali.

SWALI: Asalaam aleikum dada. Mimi niko Maskati, nimeolewa huku mwaka wa sita. Nje ni joto na fukuto lakini ndani kiyoyozi hakizimwi usiku kucha, naamka midomo imepasuka na uso mkavu. Nikiongeza krimu natoka chunusi kwenye kidevu. Nifanyeje?
Mama Watoto, Oman

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Kiyoyozi kinakamua unyevu kwenye hewa, lile bomba la nje linalodondosha maji ndo unyevu wenyewe wa chumba chako unaouona unamwagika. Wewe huhitaji krimu nzito, tafuta ile ya jeli, nyepesi ya maji maji, pakaa kwenye uso mbichi kama nilivomwelekeza mwenzio hapo juu, na kidevuni pitisha kidogo tu. Vaseline mdomoni pekee. Kitanda kisiangaliane na upepo wa kiyoyozi, geuza vile vibao vyake vya kuelekeza upepo viangalie juu darini, na joto la chumba pandisha kidogo ikiwa watoto wanavumilia. Hapo utaona tofauti bila hata kununua kitu.

SWALI: Anti, rafiki yangu anauza krimu ya usiku anachanganya mwenyewe, haina jina wala kikaratasi, ni ya njano kwenye kopo jeupe. Nimetumia miezi minne, wiki ya kwanza tu uso ukawa laini kama wa mtoto, chunusi zote zimekimbia na nimetakata. Sasa ilipoisha nikakaa siku sita bila, uso umewaka mwekundu unaniunguza, jua hata la saa mbili asubuhi siliwezi. Akanipa nyingine ukatulia. Je niendelee? Nanyonyesha.
Asiyejulikana, Arusha

JIBU: Mwanangu, hapana. Tena nakuomba leo hii.

Unachokieleza, kulainika haraka kupita kawaida, kutakata, halafu ukiacha uso unawaka na ukirudia unatulia, ndivyo zinavyofanya dawa za steroidi zinapotiwa kwenye mkorogo. Ni dawa za hospitali, daktari anatoa kwa ugonjwa maalumu na kwa siku za kuhesabu, ukipaka usoni miezi ngozi inakuwa nyembamba mishipa inaonekana. Na kwenye hizi za kuchanganya za kutakatisha mara nyingi kuna pia haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi), au zebaki. Zebaki inapita kwenye ngozi inaingia mwilini inaharibu figo, inaingia kwenye maziwa unayomnyonyesha mtoto, na hata akilala shavuni kwako inamgusa. Ndo maana nchi zilizo kwenye mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana vipodozi vyenye zebaki viondoke sokoni kufikia 2020, na hapa kwetu kazi ya kusimamia vipodozi iko TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019. Kopo lisilo na jina halijapita kwao.

Sisemi rafiki yako ana nia mbaya, inawezekana hata yeye hajui anachouziwa. Ila usipake tena, na kopo usilitupe, lifunge kwenye mfuko liweke mbali na mtoto uende nalo kwa daktari wa ngozi, Moshi hapo hospitali ya KCMC wana kituo kizima cha ngozi na kwako sio mbali. Waambie miezi minne, waambie unanyonyesha, usifiche kitu. Uso utawaka tena ukiacha, unaweza kuwaka wiki kadhaa, na hapo ndo wengi wanashindwa wanarudia, kwa hiyo bora daktari awe anakushika mkono. Kwa sasa maji ya uvuguvugu, vaseline, na mtandio au kofia ukitoka juani. Basi. Usiongeze kitu kingine hata kama umeambiwa ni cha asili. Na niandikie umefikia wapi, nitakuwa nakuwaza.

SWALI: Shikamoo anti, krimu yangu ya usiku ina alama ya kikopo kilicho wazi imeandikwa 12M, nimeifungua mwaka juzi na bado nusu, harufu imebadilika kidogo. Naweza kuimalizia miguuni?
Mpenda Kubana Matumizi, Mbeya

JIBU: Marahaba. 12M ni miezi 12 tangu siku uliyofungua, na ya kikopo unaingiza vidole kila usiku, bakteria wanaingia nao. Kama harufu isingebadilika ningekuambia malizia kwenye visigino. Imebadilika, itupe. Mpya ukinunua andika tarehe ya kufungua chini ya kopo kwa kalamu ya wino, na uchote kwa kijiko kidogo kisafi.