Muulize Mkutubi: Vitabu vya Kiebrania na wanaovitunza

SWALI: Shikamoo Bi. Mkutubi. Nasomea ukutubi, mwaka wa pili. Nimesikia kwamba wakutubi wa maktaba za Kiyahudi huko Marekani wana chama chao. Kitabu si ni kitabu tu? Wanazungumza nini ambacho sisi wengine hatukizungumzi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Chama hicho, Association of Jewish Libraries, kilizaliwa katikati ya miaka ya 1960 vyama viwili vilipoungana: kimoja cha wakutubi wa vyuo na utafiti, kingine cha wale wa shule na masinagogi. Mmoja anatunza miswada ya karne nyingi, mwenzake ana chumba kimoja na watoto wanaodai hadithi. (Hao watoto hawakusahauliwa: tangu 1968 chama kinatoa tuzo ya vitabu vyao, ambayo siku hizi ina jina la Sydney Taylor, mwandishi wa vitabu vya watoto.) Kinachowakutanisha zaidi ni meza ya katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, na mimi niliyezeekea kwenye meza hiyo nawaelewa vizuri.

Fungua kitabu cha Kiebrania, utafute mwaka wa kuchapwa. Mara nyingi hukuti tarakimu. Unakuta herufi, tuseme tav, resh, pe, he. Kila herufi ina thamani yake: 400, 200, 80 na 5. Jumla 685. Elfu tano haiandikwi kwa kuwa kila mtu anajua ipo, basi huo ni mwaka 5685. Haya, sasa uingize kwenye kalenda uliyoizoea. Mwaka wa Kiyahudi huanza Septemba au Oktoba, kwa hiyo 5685 unashika mwisho wa 1924 na sehemu kubwa ya 1925. Utaandika upi? Na huyo mchapishaji amekuhurumia. Wengine huweka aya nzima ya Biblia, wakakuza herufi chache tu, nawe ujumlishe hizo zilizokuzwa.

Kisha kuna majina. Kiebrania kwa kawaida huandikwa bila irabu, na mtu mmoja unaweza kumkuta kama Chaim, Haim, Hayyim au Jaim, kutegemea alichapwa nchi gani. Mkutubi asipoyaunganisha majina hayo, msomaji anaondoka akiamini kitabu hakipo, kumbe kipo rafu ya pili kutoka alipokuwa amesimama. Hilo linaniuma kuliko kitabu kilichoibwa.

Na rafu zenyewe? Wewe umefundishwa Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba kulingana na mada. Angalia 200 hadi 299, namba za dini: sehemu kubwa imechukuliwa na Ukristo, Uyahudi umepewa 296. Kwenye sinagogi, vitabu vya dini karibu vyote vitabanana hapo, kila kimoja na mkia wa desimali. Ndiyo maana ndugu wawili, Daniel na David Elazar, walitunga mpangilio wao unaoanza na Biblia ya Kiebrania, ukaendelea na Talmudi (mkusanyo wa mijadala ya marabi) na sheria, ibada, elimu, lugha, hadi historia. Walifanya sawasawa. Rafu ifuate fikra za wanaoisoma.

SWALI: Ni kweli Wayahudi huzika vitabu? Nilidhani ni uzushi.

JIBU: Ni kweli. Maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi wala kuchomwa. Yakichakaa huwekwa kando, mahali panapoitwa geniza, kisha huzikwa makaburini. Riwaya ya kawaida haimo katika hukumu hiyo. Kwa hiyo mkutubi anayepunguza rafu zake hufanya uchambuzi ambao wewe na mimi hatuufanyi: hiki kigawiwe, hiki kiende kwenye karatasi za kusagwa, hiki kizikwe.

Katika sinagogi la Ben Ezra, Cairo, maandishi yalirundikana namna hiyo kwa karne nyingi. Msomi Solomon Schechter aliyahamishia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1896 na 1897, na leo maktaba ya chuo hicho ina vipande karibu 193,000. Mna sala na sheria, mna pia mikataba ya ndoa, barua za wafanyabiashara, na karatasi za watoto waliokuwa wakijifunza alfabeti.

SWALI: Bibi, chuo chetu cha teolojia kimepewa sanduku la vitabu vya Kiebrania. Vingine vina mihuri ya zamani na vibandiko vya maktaba nyingine ndani ya jalada. Mkuu wangu anataka vijalidiwe upya. Nifanye nini?

JIBU: Mwambie asubiri, tafadhali, na umwambie kwa nini.

Wanazi walipora maktaba za Kiyahudi Ulaya nzima. Baada ya vita, jeshi la Marekani lilikusanya mali hiyo kwenye ghala huko Offenbach, Ujerumani, na zaidi ya vitabu milioni mbili vilipita pale. Wengi wa waliovipanga vitabu hivyo hawakujua Kiebrania. Kapteni Isaac Bencowitz akaagiza mihuri na vibandiko vipigwe picha, na kila mpangaji akapewa michache ya kukariri kwa umbo lake tu. Kitabu kikipita mbele yake chenye mhuri wake, anakitoa. Kwa njia hiyo vingi vilirudi vilikotoka. Vilivyokosa wenyewe viligawiwa maktaba za Israeli, Marekani na kwingineko na shirika la Jewish Cultural Reconstruction, ambalo mwanafikra Hannah Arendt alilifanyia kazi, na vingi vilibandikwa karatasi ndogo yenye jina la shirika hilo. Mpaka leo wakutubi wanaviokota rafuni mwao na kuandika kwenye katalogi vilikuwa vya nani. Kuna jamii ambazo mhuri ni katika vitu vichache vilivyosalia kuonyesha kwamba zilikuwa na maktaba.

Kwa hiyo anza na picha: jalada la mbele na la nyuma kwa ndani, ukurasa wa kwanza, na kila penye maandishi ya mkono. Usibandue kitu. Mhuri usiousoma, upige picha kwa karibu, pamoja na rula, umtafute anayesoma Kiebrania au Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya, inayoandikwa kwa herufi za Kiebrania) akusomee. Kisha nakili maneno yake kwenye sehemu ya maelezo ya rekodi, herufi kwa herufi, pamoja na jina la mji kama lipo. Ukikuta kibandiko cha shirika nililolitaja, niandikie tena kabla kitabu hakijaenda kwa mjalidi.