Tulipanda na mizani kwenye lifti

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeshindwa fizikia asaidiwe kwa vipindi vya ziada, au ahamie kozi anayoimudu? Nimelisoma Jumapili, saa chache baada ya kijana wangu kunipigia simu kutoka chuoni. Testi ya kwanza ya mekanika, ile fizikia ya mwendo na kani, amepata 9 kati ya 40. Nikamwambia, "Kaza msuli, mwanangu," tukaagana. Kisha nikafungua jarida, nikakutana na swali lenu, nikaona haya peke yangu sebuleni.

Jibu langu la haraka ni hapana, vipindi vya ziada havisaidii kitu. Nimevikalia. Ni ubao ule ule na mhadhiri yule yule, ila sasa ni Jumamosi na una njaa. Jambo nililoambiwa nisilielewe, nikirudiwa kwa sauti kubwa zaidi ninachoongeza ni kuumwa kichwa.

Mwaka 1998 nilikuwa mwaka wa kwanza wa uhandisi, chuo sitakitaja. Darasani tulizidi mia mbili. Waliochelewa walisimama mlangoni wakiandika madaftari yakiwa juu ya migongo ya wenzao. Tuliishi kwa desa, yaani notsi za waliotutangulia, tena desa lililotolewa fotokopi ya fotokopi mpaka vipeo vya pili vikawa madoa. Mimi nilitoka kidato cha sita na PCM yangu (fizikia, kemia na hisabati), najiona kipanga. Testi ya kwanza ikaja na swali ambalo nalikumbuka mpaka leo: mtu wa kilo 60 amesimama juu ya mizani ndani ya lifti inayopanda kwa kasi isiyobadilika ya mita 2 kwa sekunde, mizani inamsukuma kwa kani, yaani nguvu ya kusukuma, kiasi gani?

Nikaona ni mteremko. Nikajumlisha 9.8, ile ya mvutano wa dunia, na 2, nikazidisha kwa 60, nikapata nyutoni 708 (nyutoni ndicho kipimo cha kani), nikapiga mstari mara mbili chini ya jibu kama nilivyofundishwa. Karatasi ikarudi na mkasi mwekundu mkubwa, alama ya kukosa. Hakuna neno. Simlaumu sana aliyesahihisha, karatasi mia mbili si mchezo, lakini niliutazama ule mkasi wiki nzima bila kujua umekata wapi.

Kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa akilirudia somo hilo. Amekeri, ndivyo tulivyosema. Wavulana tulimpita mbali kama anayeugua tetekuwanga, tukidhani keri inaambukiza. Jioni moja kwenye diskasheni akaiona karatasi yangu, akacheka, si kwa dharau. "Na mimi mwaka jana niliandika 708," akasema.

Halafu akaniuliza: "Mdogo wangu, mchapuko ni nini? Niambie kwa Kiswahili." Kwa Kiingereza, acceleration, fasili yake nilikuwa naiimba. Kwa Kiswahili nikababaika, nikasema ni kwenda kwa kasi kubwa. Akatulia. "Ukiambiwa chapua miguu unafanya nini? Unaongeza mwendo. Sasa aliyekwisha kuchapuka, akatulia kwenye mwendo wake, bado anachapuka?" Nikasema hapana. "Na lifti yako ya mita 2 kwa sekunde isiyobadilika?" Nikanyamaza. Nilijua jibu analotaka, lakini moyoni sikuliamini. Kitu kinapanda, mtu ananyanyuliwa kwenda juu, iweje asiwe mzito zaidi? Nikamwambia hivyo hivyo. Hakubishana. Akasema Jumamosi twende Posta, katikati ya Dar es Salaam.

Wakati ule mitaa ya katikati ya jiji ilikuwa na vijana wanaopimisha watu uzito. Tulimkuta mmoja mtaa wa Samora, wa miaka kumi na miwili hivi, mizani yake ya kukanyaga ameiweka juu ya kipande cha boksi. Shilingi 50 kupima. Dada akamwomba atuazime nusu saa. Akakataa katakata: "Mizani haiendi bila mimi." Basi akaibeba kichwani, tukaongozana hadi kwenye jengo moja refu lenye lifti. Askari wa mlangoni akatukazia macho. Dada akamwamkia vizuri, akasema, "Kaka yangu, tunampelekea mzee mizani yake ghorofa ya tisa." Uongo mtupu. Tukaingia.

Nikapanda juu ya mizani. Mshale ukasimama 60. Dada akabonyeza 9. Lifti ikatikisika, mshale ukaruka hadi 65, na mimi nikafungua mdomo nishangilie: si nilisema! Sijatoa sauti, ukarudi 60. Na lifti bado inapanda. Taa za ghorofa zinawaka, tatu, nne, tano, na mshale umelala palepale 60 kana kwamba nimesimama barazani kwetu. Nikainama kuutazama, nao ukaanza kucheza, dada akanigombeza nisimame wima. Sita, saba. Tulipokaribia ya tisa ukashuka hadi 55, tumbo likanipanda kifuani, kisha 60, mlango ukafunguka. Mama mmoja mwenye mafaili akatuangalia watu watatu na mizani, akasema atashuka kwa ngazi.

Kijana akanyoosha mkono. "Umepima mara tatu. Sitini na tano, sitini, hamsini na tano. Mia na hamsini." Dada akamlipa bila kuomba apunguze, jambo ambalo sikumwona akilifanya tena maisha yake yote ya chuo. Wakati wa kushuka ikawa kinyume: kwanza 55, katikati 60, na kule chini wakati wa kusimama 65. Kijana akadai mia na hamsini nyingine. Mimi nikamwambia namba ni zile zile, yeye akasema safari ni nyingine, tukabishana mpaka nje barabarani. Kusema kweli alikuwa na hoja.

Kwenye daladala ya kurudi dada akachora mahesabu nyuma ya tikiti. Kilo 5 zilizozidi, gawanya kwa 60, zidisha kwa 9.8, unapata kama 0.8. Lifti ilichapuka kwa mita 0.8 kwa sekunde kila sekunde, kwa muda wa kuhesabu moja, mbili. Njia nyingine yote ilikwenda tu kwa kasi ile ile, mpaka ilipoanza kusimama. Jibu la testi lilikuwa nyutoni 588, uzito wangu wa kawaida. Kondakta akaja kuitaka tikiti, akaitazama, akamrudishia.

Nimeona nimeandika lifti hii kwa kirefu kuliko mlivyoniuliza. Mnisamehe. Ila kwangu swali lenu liko humo ndani. Mhadhiri wetu alikuwa mtu anayejua sana, na hapo nilipokwama hakuwa amekwama kwa miaka thelathini, kama aliwahi kukwama. Dada alikwama pale juzi tu. Alijua jiwe liko wapi kwa sababu kidole chake bado kilikuwa kinauma.

Watu wakizungumzia fizikia nchini kwetu hawachelewi kumtaja Erasto Mpemba na maziwa yake ya moto yaliyowahi kuganda kuliko ya baridi. Wanasahau kipande cha katikati. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari pale Magamba, aliliona jambo hilo, akamuuliza mwalimu wake kwa nini, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, haliwezekani. Akauliza tena akiwa sekondari ya Mkwawa, mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likageuza kuwa utani. Hakukoma, akauliza mbele ya mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne, na wenzake wakacheka tena. Osborne akarudi chuoni, akaagiza jambo hilo lijaribiwe maabara. Makala yao ikatoka mwaka 1969. Wanafizikia mpaka leo wanabishana kama jambo lenyewe ni la kweli, na sawa wabishane. Ninachokiona mimi ni kwamba vipindi vya ziada vya walimu wale visingemsaidia Mpemba hata vingekuwa mia.

Lugha nayo ina sehemu yake. Nyumbani neno letu ni moja, nguvu: ya mkono, ya injini, ya umeme, ya hoja. Ukifika darasani unaambiwa hii ni kani, hii nishati, hii kazi, yaani kani mara umbali, na yote kwa Kiingereza. Mtoto anatoka na fomula tatu na wazo moja.

Sasa niseme ambalo nilitaka kuliruka. Yule dada mwaka ule alipata C, akafaulu, halafu akahama. Kwa hiari yake, akaenda kusoma takwimu, na huko akang'ara. Wale wa "ahamie anakomudu" watasema ndiyo hayo hayo wanayosema, na sina la kuwajibu. Niongeze pia kwamba si kila kitu kina lifti. Mwaka wa pili hesabu za kutofautisha, zile za kasi ya mabadiliko, zilinishinda, na huko hapakuwa na mizani wala kijana. Niliokolewa na maswali mia mbili ya mitihani iliyopita na chai ya rangi. Kwa hiyo "kaza msuli" nayo si upuuzi mtupu.

Kwa hiyo mniandike upande wa vipindi vya ziada viwepo. Najua nilianza kwa kusema hapana. Lakini visiwe vya mhadhiri. Wapewe wale waliorudia somo, au waliopata sapu, ule mtihani wa marudio, wakaifaulu, vikundi vya watu kumi, ruksa kuuliza kwa Kiswahili, na chuo kiwalipe kitu kidogo. Kama ni kuyajaza yale madarasa ya Jumamosi, basi bora vijana walale.

Jana usiku nimempigia tena kijana wangu. Nimemuuliza alikosa swali gani. Akanisomea, ni la gari kwenye mteremko, breki na msuguano, nikamwambia aniambie kwa Kiswahili. Kimya kirefu. Nikamuuliza kama darasani kwao kuna anayerudia. Akasema yupo mmoja, anakaa nyuma, hawazungumzi. Nimemtumia elfu kumi, wakanywe soda.