Kabla hujaandika "kosa": kwa wewe unayeanza kurekodi matamshi ya watoto

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii niliketi mkekani na binti wa miaka mitatu, katikati yetu picha za vitu vya jikoni. Nikamwonyesha ya sukari. Akasema, "Tukali." Kwa kutaka kumfurahisha nikarudia: "Eti tukali?" Akanikunjia uso. "Siyo tukali, anti! Tukali!" Nikamuuliza, "Sukari?" Uso ukafunguka. "Eee, tukali."

Daftarini nilikuwa nimeshaandika "makosa mawili". Niliyafuta. Yule binti alikuwa na neno sukari kichwani, zima, na s yake na r yake. Uliokuwa nyuma ni ulimi tu. Jean Berko na Roger Brown, watafiti wa lugha ya watoto, walilieleza jambo hilohilo kule Marekani mwaka 1960: mtoto aliyemwita samaki wake wa kuchezea "fis" badala ya "fish", akakataa katakata mtu mzima alipomwiga na kusema "fis". Kwa hiyo usiige matamshi ya mtoto ukidhani ndiyo kumzoea. Andika alichotamka, sauti kwa sauti, kisha kitazame kwa utulivu. Katika "tukali" s imekuwa t, palepale nyuma ya meno ya juu, na r imekuwa l. Niliporudi kwenye picha zake nyingine nikakuta "tamaki" na "langi". Hakuwa anabahatisha hata kidogo. Alikuwa na utaratibu, na kazi yako ni kuuona huo utaratibu.

Vitabu utakavyopewa vingi vimetokana na watoto wa Kiingereza. Visome, ila usivifanye rula. Kwa mtoto wa Kiingereza sauti ch huchelewa; kwa watoto wa K'iche', lugha ya Wamaya wa Guatemala, ch na l huja mapema, kwa sababu maneno mengi ya lugha yao yanazitegemea. Mwaka 2018 Sharynne McLeod na Kathryn Crowe walikusanya tafiti 64 za lugha 27, wakakuta konsonanti nyingi huwa tayari mtoto akifikisha miaka 5. Sauti kama p, b, t, m na n hutangulia, na hata vidoko, yaani sauti za kufyatua ulimi kama zile za Kixhosa cha Afrika Kusini, vimo katika kundi la mapema. Zinazosubiriwa ni kama s, z na r ya kutetemesha ulimi. Basi mtoto wa miaka mitatu anayesema "langi" usimpeleke mama yake nyumbani na wasiwasi kwamba mwanawe ana kitembe.

Kinachonihuzunisha zaidi kwenye ripoti za wageni wa kazi hii ni mtoto kukatwa alama kwa kusema kama wazazi wake. Bara, watu wazima wengi husema "zahabu" na "selasini" maisha yao yote. Mtoto wao atatoa wapi dh na th? Na anayelelewa na bibi Mkikuyu, ambaye lugha yake haina l, akisema "rara" badala ya "lala" amejifunza vizuri kabisa alichofundishwa.

Silabi nazo zihesabu. Mtoto anayeomba "jiko" huku ananyoosha mkono kwenye kijiko ameacha mwanzo wa neno akabakiza sehemu yenye mkazo. Hilo ni tofauti na kubadilisha sauti, liandike peke yake.

Mzazi akikwambia mtoto haitiki akiitwa, au masikio yanatoa usaha, weka picha pembeni. Apimwe masikio kwanza.

Usimtamkie neno ili arudie. Akikufuata unapima kuiga, si usemi wake. Uliza, "Hiki nini?" kisha nyamaza, hata ukimya ukikuelemea. Feni izimwe, simu iwe karibu na kinywa chake. Na kabla mtoto hajaanza, mwombe mama azitaje picha zote, ukimrekodi. Rekodi ya mama ndiyo utakayompimia mtoto.