Masika ya Pwani si kalenda ya kupanda Dodoma

Ndugu, umeuliza kama ungoje masika ya Dar ndipo upande mtama huku Dodoma. Hapana, usingoje. Pwani ina misimu miwili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei, kwa sababu ukanda wa mvua hupita pale mara mbili, ukishuka kusini na jua kisha ukirudi. Sisi Dodoma tuna mmoja tu. Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa hututolea utabiri wa "mvua za msimu", Novemba hadi Aprili. Mvua zenyewe huanza kushika Desemba.

Mtama wa muda mfupi unataka kama miezi mitatu na nusu. Ukipanda Machi, Aprili mvua inakata, na masuke yanatoka udongo umeshakauka: utavuna makapi. Basi mvua za Desemba zikishika, fukua sentimita 15, finyanga udongo kiganjani, ukishikamana, panda. Ukimwagika kama unga, subiri mvua nyingine. Na palilia mapema, maana Februari mara nyingi huwa na ukame wa wiki moja au mbili, na magugu ndiyo yanayomaliza unyevu.